Meno Yaliyokwama Tayani na Matibabu Yanayolingana na Kipato

Jino huhesabiwa kuwa limekwama pale ambapo umri wake wa kuota umekwisha kupita, mizizi yake imekamilika au inakaribia kukamilika, na hali bado limebaki ndani ya taya, ama lote ama sehemu yake, kwa sababu njia yake imezibwa na mfupa, na jino jirani au na ufizi wenyewe. Katika kinywa cha mtu mzima, ambacho kikikamilika huwa na meno 32, yanayokwama zaidi ni magego ya mwisho, yaani yale manne ya nyuma kabisa, mawili juu na mawili chini, ambayo kwa kawaida huota kati ya umri wa miaka 17 na 25. Yanayofuata ni chonge za juu, yale meno yaliyochongoka yanayopakana na meno ya mbele. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinakadiria kwamba takribani mtu mmoja kati ya wanne ana angalau gego moja la mwisho lililokwama, ilhali chonge za juu hukwama kwa watu wachache zaidi, kama wawili hivi katika kila mia. Kukwama kwa jino, kwa hiyo, si jambo la nadra wala si ugonjwa kwa lenyewe. Ni hali ya kimaumbile ambayo kwa wengine hukaa kimya maisha yote, na kwa wengine huleta maumivu, usaha na gharama ambazo hazikupangiwa fungu lolote katika matumizi ya nyumbani.

Sababu kubwa ni ufinyu wa nafasi. Magego ya mwisho hufika baada ya mengine yote, na yakikuta taya limekwisha kujaa, hasa taya la chini ambalo nyuma yake mfupa hupanda kuelekea sikioni, hulazimika kuinama, kulala au kubaki chini. Urithi una mchango wake, kwa kuwa ukubwa wa meno na ukubwa wa taya ni mambo mawili yanayorithiwa kila moja kwa njia yake, na si lazima yalingane katika kinywa cha mtu mmoja.

Namna jino lilivyokwama ndiyo inayoamua matibabu, na matibabu ndiyo yanayoamua bei. Mwaka 1926 daktari wa Marekani George Winter aliyagawa magego ya mwisho kwa kufuata mwelekeo wake: lililosimama wima, lililoinama mbele kuelekea gego la jirani, lililoinama nyuma, na lililolala kabisa. Mwaka 1933 madaktari wengine wawili, Pell na Gregory, waliongeza kipimo cha kina, yaani umbali uliopo kati ya kilele cha jino na usawa wa meno mengine, pamoja na nafasi iliyobaki kati ya gego la pili na mfupa unaopanda. Vipimo hivyo vya zamani vingali vinatumika katika hospitali za leo, na mgonjwa anayefahamu japo kwa juu juu jino lake liko katika kundi lipi ataelewa kwa nini jirani yake alitozwa kidogo na yeye anatajiwa mara kadhaa ya kiasi hicho. Gego lililosimama wima na kutokeza kichwa chake lote huweza kung'olewa kwa koleo kama jino lolote, chini ya sindano ya ganzi. Lililofunikwa na ufizi peke yake huhitaji ufizi upasuliwe kidogo. Lililofunikwa na mfupa huhitaji mfupa uchongwe, na mara nyingi jino lenyewe likatwe vipande ili litoke bila kuvunja taya.

Tatizo linalowafikisha watu wengi hospitalini ni maambukizi ya ufizi unaolizunguka jino lililotokeza nusu, ambayo kwa jina la kitaalamu huitwa perikoronaitisi. Jino likitokeza kidogo na kusimama hapo, kikunjo cha ufizi hubaki kimelifunika upande mmoja, na chini ya kikunjo hicho hujengeka mfuko mdogo ambamo chembe za ugali na nyuzi za nyama huingia na mswaki haufiki. Bakteria wasiohitaji hewa huzaana humo, ufizi huvimba, na ukishavimba hunyanyuka kiasi cha kukandamizwa na gego la juu kila mara mtu anapofunga kinywa, kwa hiyo huumia na kuvimba zaidi. Mgonjwa huhisi ladha mbaya upande mmoja, kinywa hunuka, kumeza huuma, sikio huwasha au kuuma ingawa halina ugonjwa wowote, na kinywa hufunguka kwa shida. Baada ya siku kadhaa hali hutulia, wakati mwingine hata bila matibabu, na mgonjwa huamini kwamba amepona.

Hapa ndipo fedha za watu wa kipato kidogo zinapopotea kwa wingi. Mtu mwenye maumivu haya huenda duka la dawa, hununua vidonge vya amoksilini au metronidazoli ambavyo ni dawa za kuua bakteria, humeza kwa siku mbili tatu, hupata nafuu, huacha, na baada ya miezi miwili au mitatu hurudi dukani na maumivu yale yale. Dawa hizo haziwezi kuliondoa jino wala kuufungua mfuko wa ufizi. Zinachoweza ni kupunguza idadi ya bakteria kwa muda, na mfuko ukibaki ulivyo bakteria hurudi. Mtu akijumlisha alichotumia kwa mwaka mmoja au miwili, pamoja na siku alizoshindwa kwenda kazini, huenda akakuta kwamba kiasi hicho kingetosha kumlipia daktari tangu mwanzo. Kibaya zaidi, matumizi ya dawa hizo kwa mtindo wa kukatisha huwazoesha bakteria, na siku dawa itakapohitajika kwa kweli huenda isifanye kazi. Madaktari wa meno huzitoa pale tu maambukizi yanapoanza kusambaa, kwa mfano mgonjwa anapokuwa na homa, uvimbe wa shavu au tezi za shingo, au kinywa kisichofunguka, na huzitoa kwa dozi kamili, baada ya kuuliza kama mgonjwa ana mzio wa penisilini, na kwa onyo la kutokunywa pombe kwa anayetumia metronidazoli.

Tiba yenyewe ya perikoronaitisi ni nafuu kuliko wengi wanavyodhani. Daktari au tabibu wa meno huusafisha mfuko huo kwa bomba la sindano lenye ncha butu, akipitisha chini ya kikunjo cha ufizi maji ya chumvi yaliyotakaswa au dawa ya klorheksidini, mpaka mabaki ya chakula na usaha yatoke. Nyumbani mgonjwa huendelea kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yaliyotiwa chumvi, nusu kijiko cha chai katika bilauri moja, mara kadhaa kwa siku na hasa baada ya kula, na hupiga mswaki mahali hapo hata kama panauma. Kwa maumivu, ibuprofeni na parasetamoli zikitumiwa pamoja hutuliza maumivu ya meno vizuri kuliko kila moja peke yake, ila ibuprofeni haiwafai wenye vidonda vya tumbo, wenye maradhi ya figo, wajawazito na baadhi ya wenye pumu, na parasetamoli kwa mtu mzima haipaswi kuzidi gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kwa saa 24. Desturi ya kuweka kidonge cha aspirini juu ya ufizi iachwe kabisa, kwa sababu aspirini ni asidi na huunguza nyama ya kinywa, ikaacha kidonda cheupe juu ya maumivu yaliyokuwapo.

Iko njia nyingine ambayo hutajwa kwa nadra na ambayo kwa mtu wa kipato kidogo ina thamani kubwa. Ikiwa gego la juu ndilo linalouponda ufizi wa chini, na gego hilo halina kazi ya maana ya kutafuna, kuling'oa hilo la juu huondoa mkandamizo, na ufizi hupata nafasi ya kupona. Magego ya mwisho ya juu kwa kawaida hung'oka kwa wepesi kuliko ya chini, kwa kuwa mfupa wa taya la juu ni laini zaidi, na kazi hiyo huweza kufanywa kwa ganzi ya kawaida katika kituo kisicho na vifaa vikubwa. Haimalizi tatizo kwa kila mtu, lakini huweza kumpa mgonjwa nafuu ya muda mrefu wakati anapotafuta fedha za upasuaji wa jino la chini, na wengine hawalazimiki kurudi. Kukikata kile kikunjo cha ufizi nako ni nafuu, ila mara nyingi ufizi huota tena, na faida yake huonekana zaidi kwa jino lililosimama wima lenye nafasi ya kutosha kumaliza kuota.

Je, kila jino lililokwama ling'olewe? Swali hili limegawanya wataalamu kwa miongo mingi. Nchini Marekani kuna mazoea ya miaka mingi ya kuyatoa magego ya mwisho kwa vijana kabla hayajaleta shida. Uingereza ilichukua njia nyingine: mwezi Machi 2000 taasisi ya NICE, ambayo huishauri huduma ya afya ya taifa la Uingereza kuhusu matibabu yanayostahili kugharimiwa, ilielekeza kwamba magego ya mwisho yasiyo na ugonjwa yasing'olewe kwa kinga tu, kwa sababu haukuwapo ushahidi wa kutosha kwamba kufanya hivyo kunawafaa wagonjwa, na upasuaji wenyewe una hatari zake. Miongoni mwa sababu zilizokubaliwa za kung'oa ni jino lililooza kiasi cha kutozibika, usaha kwenye mzizi, uvimbe unaolizunguka jino, na perikoronaitisi iliyorudi mara ya pili, au ya mara moja ikiwa ilikuwa kali sana. Kwa mgonjwa wa Tanzania, Kenya au Uganda anayelipa kwa fedha taslimu, mwongozo huo una busara zaidi kuliko ule wa kung'oa yote, kwa kuwa unaelekeza fedha chache zilizopo kwenye jino lililothibitika kuwa na ugonjwa.

Hata hivyo kuliacha jino si sawa na kulisahau. Gego lililoinama mbele hukaa limeegemea mgongo wa gego la pili, na katika upenyo ulio kati yao chakula hujibana na kuozesha jino la jirani mahali ambapo mgonjwa hapaoni na mswaki haupafikii. Hasara hiyo ni kubwa, maana gego la pili ni jino la kutafunia kila siku, na likioza hadi kwenye kiini chake, yaani sehemu ya ndani yenye mishipa ya damu na ya fahamu, tiba ya mzizi itakayohitajika huweza kugharimu zaidi ya upasuaji uliokuwa ukiahirishwa. Mara chache zaidi, mfuko wa ngozi nyembamba unaolifunika jino ambalo halijaota hujaa majimaji na kuwa uvimbe unaoula mfupa polepole bila maumivu. Uko pia uvimbe uitwao ameloblastoma, ambao huanzia katika chembe zinazotengeneza meno na ambao ni miongoni mwa uvimbe wa taya unaoonekana sana katika hospitali za Afrika. Wagonjwa wake wengi hufika wakiwa na uso uliokwisha kubadilika umbo, wakati ambapo matibabu ni kukata sehemu ya taya. Ndiyo maana jino lililoachwa hupaswa kutazamwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na taya linalovimba bila kuuma lisichukuliwe kuwa jambo dogo.

Fedha ya kwanza, kwa hiyo, itumike kwenye uchunguzi na picha. Picha ndogo ya eksirei, ile ambayo kipande chake huwekwa ndani ya kinywa, huonesha jino moja au mawili na inatosha kwa magego mengi ambayo hayakuzama sana. Picha ya taya zima, ambayo hospitalini huitwa OPG, huonesha meno yote pamoja na mfereji unaopita ndani ya taya la chini ukibeba mshipa wa fahamu, na mgonjwa mwenye magego mawili au zaidi yaliyokwama hunufaika nayo kwa kuwa hulipa mara moja. Picha ya tatu, ya kompyuta, inayoonesha taya kwa pande zake zote, ni ghali, na daktari mwaminifu huiomba pale tu OPG inapoashiria kwamba mizizi imekaribiana mno na mshipa huo. Mgonjwa ana haki ya kuuliza picha inayoombwa itabadilisha nini katika uamuzi, na ana haki ya kupewa nakala yake, kwa maana akihamia hospitali nyingine hatalazimika kuilipia upya.

Kuhusu upasuaji wenyewe, jambo linaloongeza gharama kuliko yote ni kulazwa na kupewa nusu kaputi, yaani dawa ya usingizi mzito. Kwa mtu mzima mwenye afya na asiye na hofu ya kupindukia, magego mengi yaliyokwama hutolewa kwa sindano ya ganzi peke yake, mgonjwa akiwa macho kwenye kiti cha meno na akirudi nyumbani siku hiyo hiyo. Daktari huchoma dawa ya lignokaini iliyochanganywa na adrenalini kidogo ili ganzi ikae muda mrefu na damu ipungue, hupasua ufizi, huchonga mfupa kwa mashine inayopozwa kwa maji ya chumvi, huligawa jino, hulitoa kipande kwa kipande, huosha tundu na kushona. Mgonjwa atahisi kusukumwa na kusikia mlio wa mashine, lakini hapaswi kuhisi maumivu makali, na akiyahisi aseme ili aongezewe ganzi. Nyuzi zinazoyeyuka zenyewe ni ghali kidogo kuliko za hariri, lakini kwa anayeishi mbali humwokoa nauli ya kurudi baada ya wiki moja kutolewa nyuzi. Vilevile anayehitaji kutoa gego la juu na la chini la upande mmoja huweza kuomba yatolewe kwa kikao kimoja, na hivyo kulipia mara moja dawa, safari na siku za mapumziko, huku upande wa pili ukibaki kwa ajili ya kutafunia.

Mahali pa kutibiwa pana uzito sawa na njia ya kutibiwa. Kung'oa jino lililotokeza lote ni kazi ambayo tabibu wa meno wa kituo cha afya au hospitali ya wilaya huifanya kila siku, na hakuna sababu ya kulipia kliniki ya kifahari mjini kwa kazi hiyo. Jino lililozama katika mfupa linahitaji daktari wa meno mwenye uzoefu wa upasuaji, na lililokaribiana na mshipa wa fahamu au lenye uvimbe linahitaji daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso, ambaye hupatikana katika hospitali kubwa za rufaa. Vyuo vinavyofundisha madaktari wa meno, kama Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili jijini Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Makerere, hupokea wagonjwa wanaohudumiwa na wanafunzi chini ya usimamizi wa walimu wao. Huduma hiyo huchukua muda mrefu zaidi kwenye kiti, lakini kwa kawaida bei yake huwa chini ya ile ya kliniki binafsi, na macho mawili ya mwalimu juu ya kazi ya mwanafunzi ni kinga isiyopatikana kila mahali.

Mwenye bima aulize kabla ya kupanda kiti, wala asisubiri kuuliza akiwa dirishani kwa mhasibu. Tanzania ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya ilihamisha wanachama wa mfuko wake wa zamani kwenda Mamlaka ya Afya ya Jamii mwezi Oktoba 2024, lakini kuwa na kadi hakumaanishi kwamba kila tiba ya meno imo. Kifurushi kimoja hulipia kung'oa jino kwa kawaida na kisilipie upasuaji, kingine hulipia katika hospitali za ngazi fulani tu. Asiye na bima wala uwezo asiogope kufika katika ofisi ya ustawi wa jamii iliyopo katika hospitali za umma, ambayo kazi yake ni kuchunguza hali ya mgonjwa na kupendekeza msamaha wa malipo au malipo kwa awamu. Nchini Tanzania wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wamo katika makundi ya msamaha. Watu wengi hurudi nyumbani na jino lao kwa sababu hawakujua kwamba mlango huo upo, na hilo ni la kusikitisha, maana mara nyingi uko hatua chache tu kutoka dirisha walipotajiwa bei.

Njia moja ambayo haipaswi kuhesabiwa kuwa nafuu ni ya watu wasio na leseni wanaong'oa meno mitaani na minadani. Gego la mwisho la chini likivutwa kwa nguvu bila picha wala utaalamu huvunjika, mizizi hubaki ndani, taya huweza kupasuka, na vifaa visivyotakaswa huambukiza homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Tanzania Bara ina Baraza la Madaktari Tanganyika na Kenya ina baraza lake la madaktari na madaktari wa meno, na mgonjwa anaweza kutaka kuona usajili wa anayemhudumia bila kuonekana mkorofi.

Baada ya jino kutoka, tundu hujaa bonge la damu ambalo ndilo mwanzo wa kupona, na matunzo yote ya siku za kwanza yanalenga kulilinda. Mgonjwa hung'ata kipande cha shashi kwa nusu saa hadi saa moja, hasukutui wala kutema kwa nguvu kwa saa 24, havuti sigara, hanywi kwa mrija, na hula uji, mtori au vyakula vingine laini vilivyopoa. Kuanzia siku ya pili husukutua taratibu kwa maji ya chumvi. Bonge hilo likitoka au kuyeyuka mapema, mfupa hubaki wazi, na kati ya siku ya pili na ya tano maumivu makali huanza na kupanda mpaka sikioni; hali hii huitwa tundu kavu, na huwapata zaidi wavutaji sigara na waliotolewa magego ya chini. Tiba yake haihitaji dawa za kuua bakteria: daktari huosha tundu na kuliwekea dawa ya kutuliza, ambayo mara nyingi huwa na yujenoli, kiungo kikuu cha mafuta ya karafuu, zao lile lile lililoipa Pemba jina duniani. Kutia mafuta ghafi ya karafuu kinywani kwa wingi, hata hivyo, huunguza ufizi, na si mbadala wa kurudi kwa daktari.

Hatari inayowatisha wagonjwa zaidi ni ya mshipa wa fahamu. Ganzi ya kudumu katika mdomo wa chini, kidevu au ulimi hutokea kwa chini ya mtu mmoja katika kila mia, na ganzi ya muda, inayopungua yenyewe kwa wiki au miezi, hutokea mara nyingi zaidi. Pale picha inapoonesha mizizi imegusana na mfereji wa mshipa, daktari huweza kulikata taji la jino peke yake, yaani kile kichwa chake, na kuiacha mizizi ndani ya mfupa ipone ikiwa humo. Njia hii haifai kwa jino ambalo kiini chake kimeoza au mizizi yake imelegea, na wagonjwa wachache hulazimika kurudi baadaye kutolewa mizizi, lakini kwa fundi wa cherehani, mwalimu au mwimbaji, na kwa yeyote ambaye mdomo wenye ganzi ungemharibia kazi au maisha, ni chaguo la kuulizia.

Chonge iliyokwama ina habari yake. Kwa mtu mzima, kuifungua kwa upasuaji na kuivuta kwa nyaya hadi mahali pake ni kazi ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili au zaidi, inayolipiwa mwezi hadi mwezi, na wengi hawaimudu. Asiyeimudu anaweza, ikiwa picha haioneshi uvimbe wala mzizi wa jirani unaoliwa, kuiacha chonge ilipo, kulitunza jino la utotoni lililobaki mahali pake, na kupiga picha kila baada ya muda; jino hilo la utotoni huweza kudumu miaka mingi. Nafuu kubwa zaidi iko utotoni: mtoto wa miaka 10 huweza kupapaswa kwa kidole juu ya ufizi, na daktari asipohisi kidundu cha chonge huomba picha. Watafiti wa Sweden, Ericson na Kurol, walionesha mwaka 1988 kwamba kwa watoto wa miaka 10 hadi 13 kuing'oa chonge ya utotoni peke yake kulitosha kuzirejesha kwenye njia karibu chonge 8 kati ya 10 zilizokuwa zimepotokea upande wa kaakaa. Kwa upande mwingine, desturi inayoendelea katika baadhi ya maeneo ya Tanzania, Uganda na nchi jirani ya kuchokonoa fizi za watoto wachanga wenye homa au kuhara, kwa madai ya kutoa meno ya nailoni au ya plastiki, huharibu vichipukizi vya chonge. Mtoto akinusurika na maambukizi, hukua akiwa na chonge zilizopinda, zilizodumaa au zisizokuwapo kabisa. Hayo yanayotolewa si meno ya ugonjwa, ni meno yake halisi.

Yako mazingira ambayo hesabu ya fedha huwekwa kando. Mgonjwa wa jino ambaye kinywa chake hakifunguki hata upana wa vidole viwili, anayeshindwa kumeza mate yake, ambaye uvimbe umeshuka chini ya kidevu pande zote mbili na kuunyanyua ulimi, ambaye sauti imebadilika, jicho limezibwa na uvimbe au pumzi inakatika, ana maambukizi yaliyoingia katika nafasi za shingo na yanayoweza kuziba njia ya hewa kwa saa chache. Mwenye kisukari au upungufu wa kinga mwilini hufika hali hiyo haraka zaidi. Mtu huyo apelekwe hospitali usiku huo huo, hata kama nyumbani hakuna senti. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 43, inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, na ndugu wa mgonjwa wanayo haki ya kulisema hilo mlangoni.